Kuulizwa kwa Sesilia

Aliyeingia nyumbani kwa Scholastica, kule juu ya barabara ya Soni ambako ukungu huondoka unapotaka wenyewe, alipaswa kumsalimia kwanza binti aliyelala kando ya dirisha. Hiyo ilikuwa amri ya mwenye nyumba. Umekuja kuazima jembe, umekuja kuomba kaa la moto, kwanza uketi kwenye kigoda pale kitandani useme, "Onga makeo, Sesilia." Ukishamwamkia hivyo ndipo unamuulizia mama yake, na mara nyingi mama yuko bondeni kwenye kabichi, na wewe unabaki umeketi ukimsubiri.

Sesilia hakuitikia salamu hata siku moja. Mama yake alishikwa na uchungu wakati wa masika, wakamshusha mlimani kwa machela ya miti, njia ikiteleza, na kichwa cha mtoto kikakwama njiani. Alipokuja kulia, mwili ulikuwa umekwisha kufanya shauri lake. Mikono ilijikunja kifuani ikakataa kukunjuka. Shingo haikusimama. Ulimi ulibaki mdomoni kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa humo. Daktari alisema ni mtindio wa ubongo, na watu wakalibeba lile neno la mwisho, ubongo, wakapanda nalo mlima, habari ikaishia hapo.

Sasa mtu akiketi kwenye kigoda mbele ya uso usioitikia, na nje kunanyesha, na mwenyeji anakawia, mdomo hufunguka wenyewe. Walianza kwa mzaha: "Wewe Sesilia umepumzika, wenzio tunahangaika." Kisha walisema hangaiko lenyewe, kisha lililo nyuma ya hangaiko. Walipomaliza walipangusa pua, wakaondoka wepesi, kama watu waliotua mzigo kichakani. Stephano, baba yake mdogo, alimsimulia huku akicheka jinsi alivyong'oa masale ya mpakani mwaka ule kaka yake alipofariki, akayapanda upya ndani ya shamba la mjane. "Na yameshika," alisema. "Masale hayaulizi yamepandwa na nani." Raheli, mke wa Kristian mdogo wake Sesilia, alimweleza habari ya sindano anayochomwa Lushoto mjini ili asishike mimba tena, wakati mama mkwe anamsalia rozari apate mtoto wa pili. Raheli huyo huyo ndiye aliyegundua kwamba mtu asiyenyweshwa maji hakojoi sana. Siku za zamu yake alimlowesha midomo tu, akasema, "Umeshiba, ee? Umeshiba."

Yote Sesilia aliyasikia, na yote aliyaelewa.

Mama alijua. Alijua tangu mtoto akiwa mdogo, siku alipouliza, kama anavyouliza mtu anayejisemesha, "Hivi nikupe uji au ndizi?" akaona macho yakipanda kwenye mabati aliposema ndizi. Akauliza tena. Macho yakapanda tena. Alipotaja uji yakaenda ukutani. Tangu hapo walikuwa na lugha: juu ni ndiyo, ukutani ni hapana. Scholastica aliwaambia watu, nao wakamhurumia, wakasema uchungu wa uzazi haujamtoka. Basi akaacha kuwaambia. "Tuwaache," alimwambia binti yake akimgeuza ubavu. "Wewe na mimi tunatosha."

Kristian, mdogo wake wa pekee, alipelekwa seminari, akapanda hadi seminari kuu, akaanza kusoma falsafa. Likizo alirudi na makaratasi yake. Alikuwa mtu wa kujifunza kwa sauti, na kwa sauti alihitaji uso wa kuusemea. Akaketi kwenye kigoda.

Alimweleza kwamba walikuwapo Ulaya, zamani, watu walioiamini akili kuliko macho. Walisema unaweza kutilia shaka kila kitu, mlima, mvua, mkono wako mwenyewe, na ukishafuta yote hayo, atabaki mmoja usiyeweza kumfuta, yule anayetia shaka. Sesilia alipolisikia hilo moyo ulimwenda mbio, miguu ikakakamaa, na Kristian akamwita mama akidhani ni kifafa. Hakikuwa kifafa. Ni kwamba wageni kutoka mbali sana walikuwa wamefika wakamkuta pale alipo, bila mikono, bila ulimi, na wakasema: yupo.

Siku nyingine Kristian alisoma kwamba mwili hujaza mahali na akili haijazi mahali. Mwili ni mashine. Wanyama ni mashine tupu, na mbwa anayelia akipigwa ni sawa na bawaba inayolia mlango ukifunguliwa. Hapo Sesilia hakukubali. Nyongani alikuwa na kidonda cha kulalia, na maumivu yale hayakumjia kama taarifa anayoletewa mpangaji kwamba ukuta wa chumba umepasuka. Ukuta uliopasuka ulikuwa yeye. Alitaka kumwambia Kristian kwamba mabwana hao hawajawahi kulalia ubavu mmoja tangu asubuhi hadi mama arudi shamba. Alimkazia macho, na Kristian akasogeza kigoda kidogo, akaendelea.

Na uhuru je? Mmoja wao alifundisha kwamba watu hujiona huru kwa sababu wanajua wanachotaka na hawajui kinachowasukuma. Kristian alipenda kutafuta mifano yake mwenyewe. "Ni kama kabichi limeponyoka tengani linabingirika bondeni," alisema. "Lingekuwa na akili lingesema, nimeamua kwenda Mombo." Akacheka peke yake. "Aliye huru ni yule anayekijua kinachomsukuma. Basi. Hakuna uhuru mwingine." Somo hilo Sesilia alikaa nalo miaka. Yeye alisukumwa na kila kitu, na kila kitu alikijua.

Ikaja likizo ambayo Kristian alirudi bila makaratasi. Aliketi muda mrefu akivuta ngozi ya kidole. Kisha akasema kuna msichana Mazinde, chini kule barabarani, ana mimba, na yeye Kristian amemwambia huyo msichana akizaa asimtafute. "Nitawaambia watu sina wito," alisema. "Nani atanibishia? Wito hauonekani." Miaka ilipita. Alioa kanisani, akapata mtoto mmoja, Mika, akafundisha shule moja ya sekondari mjini, na kila alipopanda kijijini alikaa kwenye kigoda akasema neno moja au mawili juu ya Mazinde. "Sijui hata ni wa kike au wa kiume. Wanasema amefanana na mimi. Sijashuka kumwona." Halafu alisimama, akajinyoosha, uso umemtulia. Ni mtu mmoja tu duniani aliyemjua Kristian alivyo, na Kristian alimchagua huyo kwa kuamini kwamba si mtu.

Scholastica alifariki mwezi wa Juni kwa homa ya mapafu. Aliyekuwa naye mwishoni ni Shukrani, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye koti la kiume na simu yenye kioo kilichovunjika. Kwake ndiko wosia ulikoachwa. Baada ya mazishi, ndugu walipokaa sebuleni kugawa mambo, Stephano kama mkubwa wa ukoo akiwa ameshika kikopo chake cha ugoro, Raheli alisema yeye na mumewe watahamia nyumba hii, na mgonjwa apelekwe jiko la nje, kuna joto la mafiga.

"Shikamoo, mzee Stephano," Shukrani akasema akisimama.

"Marahaba. Na wewe una sehemu?"

"Sina sehemu, nina maneno ya marehemu. Alisema Sesilia ana akili zake. Asihamishwe kabla hajaulizwa. Akitaka kubaki, nyumba ni yake mpaka afe."

"Aulizwe?" Stephano alivuta ugoro puani. "Tukimaliza tuulize na kabati."

Watu wakacheka, hata wenye vitambaa vya msiba kichwani. Kitanda kilikuwa palepale, mlango wa chumba wazi, na Sesilia alikuwa amewekewa mto ili wageni wasimwone amelala kama maiti ya pili. Alimtazama mdogo wake.

Kristian alikuwa mwalimu, na mwalimu hapendi jambo lipite bila kupimwa. "Baba mdogo, wosia ni wosia," alisema. "Tumpime kwa haki. Akishindwa, hakuna atakayetusema."

"Anajibu kwa macho," Shukrani akasema. "Juu ni ndiyo. Ukutani ni hapana. Mama yake alinionyesha."

Kristian ndiye aliyepanga jaribio. Shukrani atoke nje, mlango ufungwe. Kikopo cha Stephano kifichwe mbele ya macho ya Sesilia. Kisha Shukrani arudi, aulize.

Kwanza walikificha chini ya mto wa kiti. Shukrani aliingia, akachuchumaa kitandani. "Kiko kwa Raheli?" Ukutani. "Kiko kwa jirani, mzee Saidi?" Ukutani. "Kiko kwenye kiti?" Macho yakapanda yakabaki juu, yakitetemeka.

"Kabahatisha," Stephano akasema.

Wakakitia kwenye mkunjo wa kanga ya Raheli. Akapatia. Wakamtoa Shukrani hadi kwenye migomba, mtu akasimama naye, kikopo kikatumbukizwa kwenye kiatu cha Kristian. Akapatia. Sasa chumba kilichangamka. Mzee Saidi, jirani wa upande wa chini, Mwislamu mwenye bustani ya karoti, ambaye alikuja msibani tangu siku ya kwanza na hakuondoka, alidai kikopo apewe yeye, akakificha ndani ya kofia yake, akarudisha kofia kichwani. Shukrani akauliza moja moja, na Sesilia akaenda ukutani, ukutani, ukutani, hadi lilipotajwa jina la Saidi, macho yakaruka juu na koo likatoa mlio. Mika na wenzake dirishani walipiga makofi. Mlio ule ulikuwa kicheko, na kwa mara ya kwanza maishani mwake wengi walikisikia kama kicheko. Sesilia alitokwa na jasho. Alikuwa anafanya kazi nzito kuliko kulima, na alitaka iendelee.

Saidi alivua kofia akamrudishia Stephano kikopo, akafuta macho kwa kucheka. "Basi, jamani," alisema, "kumbe miaka yote hii huyu anatusikia."

Alilisema bila nia yoyote. Yeye mwenyewe hakuwa na kubwa alilowahi kusema pale zaidi ya magoti yanayomuuma. Wengine wote walikuwa nalo. Kicheko kiliondoka kwa mmoja mmoja. Raheli alijifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea. Mama mmoja wa jumuiya alianza kutafuta viatu vyake. Stephano alikitazama kikopo kana kwamba hakijui, kisha akamtazama Sesilia, na mara ya kwanza tangu amjue aliyahamisha macho yake kabla Sesilia hajahamisha ya kwake.

"Mwalimu," alimwambia Kristian taratibu, "wewe ndiye umesoma. Hii ndiyo akili?"

Kristian alikuwa amesimama kando ya dirisha, kiatu kimoja bado mkononi. Alikivaa, akafunga kamba kwa utulivu. Sesilia alimwona akifika Mazinde na kurudi.

"Hapana," alisema. "Ngoja niwaeleze. Mbuzi wa mzee Saidi anajua saa ya majani. Kuku anajua mkono wenye mahindi. Huo ni mwili tu, baba mdogo, mashine inayojibu inapoguswa. Sisi tulijua kikopo kilipo. Dada Shukrani akitaja pale, sisi tunashtuka, tunavuta pumzi. Sesilia anafuata pumzi zetu, kama mbwa."

"Basi tokeni wote, abaki mtu mmoja afiche, naye aondoke," Shukrani akasema.

"Haitasaidia. Fikiri mwenyewe. Tukimuuliza jambo ambalo mtu fulani analijua, tutasema amelipata kwa huyo mtu. Tukimuuliza jambo ambalo hakuna anayelijua, tutajuaje kama amejibu kweli?"

Watu walilipokea neno lile kama watu wenye baridi wanavyopokea blanketi. Hakuna aliyeelewa lote, na hakuna aliyehitaji.

"Kwa kipimo hicho, mwalimu," Shukrani akasema, "hata wewe hatujui kama una akili."

"Mimi nasema."

"Hata redio inasema."

"Dada Shukrani," Raheli akaingilia, "umefanya kazi yako, ahsante. Mambo ya nyumba tuachie wenye nyumba."

Saidi alijaribu. "Lakini jamani, kofia... mimi sikushtuka. Nilikuwa nimefumba macho kabisa."

"Mzee mwenzangu," Stephano akamwambia, "msibani tunakuheshimu. Kwenye ukoo, kaa." Akafunga kikopo. "Wosia umesema aulizwe mwenye akili. Mwenye akili hayumo humu. Asiulizwe. Nimemaliza."

Sesilia aliangalia juu, akaangalia ukutani, akaangalia juu, ukutani, juu, haraka kadiri mboni zilivyoweza, akiwarushia ndiyo na hapana zake zote bila swali. "Mnaona," Kristian akasema kwa upole. "Haina mpango wowote." Alikuwa ameona vizuri kabisa. Alipolisema hilo alikuwa akimtazama dada yake, na dada yake alikuwa akimtazama yeye, na wote wawili walijua kwamba mwingine anajua.

Wakambeba siku hiyohiyo, wanaume kwenye pembe za blanketi. Mlangoni nyonga iligonga fremu, pale penye kidonda, akatoa sauti ambayo kwa kweli ilikuwa jina la mama yake kadiri koo lilivyoliweza. "Bawaba," Kristian angaliweza kusema.

Jiko la nje lilikuwa na joto Raheli alipopika, na Raheli alipikia ndani, kwa gesi. Baridi ya Julai ilipita chini ya mlango ikamkuta sakafuni kwenye godoro, miguu ikajikaza mpaka magoti yakakutana na kifua. Hakuna aliyekuja kumwamkia. Kigoda kilibaki nyumbani. Watu waliopita uani walinyamaza walipofika usawa wa jiko, na wengine walizunguka nyuma kwenye migomba. Walimchukia, alilielewa hilo, kwa yale waliyomwambia wenyewe. Shukrani alikuja kuosha kidonda, akakuta kufuli. Ufunguo, akaambiwa, amekwenda nao mwalimu.

Mwalimu mwenyewe alikuja alasiri moja, ukungu umejaa uani, na kikombe cha uji. Alichuchumaa. Hakuwa na mahali pa kukaa.

"Dada," alisema.

Akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Najua. Wewe unajua kwamba najua. Nisingeweza kufanya vingine, dada. Baba mdogo angekosa shamba, masale yamehama, nimeyaona. Raheli ana yake, naona usoni, hata sitaki kuyafahamu. Na mimi ningeanzaje?" Alikoroga uji ambao ulikuwa umekwisha korogwa. "Silali. Zamani nilikuwa nikisema kwako, nalala. Sasa sina wa kumwambia. Kanisani siwezi, padri ananijua."

Uji ulikuwa na tangawizi. Harufu ilimpanda Sesilia kichwani, mate yakamtoka kando ya mdomo. Alikuwa hajala tangu jana.

"Nitakuuliza jambo moja," Kristian akasema. "Ulitaka kuulizwa. Nakuuliza. Umenisamehe? Ukiangalia juu, kesho nakurudisha ndani. Nitawaambia nilikosea kipimo, nitatafuta maneno, maneno hayanishindi. Kitanda chako, dirisha lako. Na nitakuja kukaa nawe kama zamani. Juu tu, dada. Mara moja."

Sesilia alikitazama kila kinachomsukuma. Kulikuwa na njaa, ilisukuma juu. Baridi ilisukuma juu. Kidonda, dirisha, ile hamu ya kusikia tena mtu akiketi na kusema mambo ya akili, vyote juu. Kwa upande wa pili ilikuwapo hasira, nayo ilisukuma ukutani kwa nguvu, na Kristian angefurahia hata hiyo, kwa kuwa hapana ni jibu, na anayejibiwa yuko na mtu. Alivijua vyote, akavihesabu kuwa vyake. Kisha akamtazama mdogo wake katikati ya uso, akaacha macho hapo. Hakuyapandisha. Hakuyapeleka ukutani.

"Dada. Juu au ukutani. Chochote."

Macho yalibaki.

"Usinifanyie hivyo."

Yalibaki. Nje kuku alipiga kelele akatulia. Kristian aliweka kikombe chini, akasogea, akamshika kidevu kwa vidole viwili, kama anavyoshikwa mtoto anayekataa dawa, akakiinua. Shingo ilienda ilikopelekwa. Haikuwahi kuwa na nguvu ya kubisha. Uso wote ukaelekea mabati, koo likakazwa, pumzi ikakwaruza. Na ndani ya uso ule uliopinduliwa mboni zilishuka chini, chini kabisa hadi weupe ukatanda juu yake, zikamkuta palepale alipokuwa, zikamkalia.

Aliachia. Kichwa kikaanguka pembeni ya mto, shavu kwenye udongo, naye hakukirudisha. Akachukua kikombe, akatoka, akafunga kufuli.

Raheli alikuwa akianika nguo. "Baba Mika, amekula?"

"Hataki."

"Umejuaje kama hataki?"

Kristian alimwaga uji chini ya mgomba, akaenda kwenye ndoo kunawa vidole.